Laki Sita na Gari la Meneja

Leo tusome ile hati ya mshahara ambayo wengi wetu huitazama mstari wa mwisho tu.

Mwalimu wa shule binafsi Masasi analipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwanza anachangia NSSF asilimia 10, yaani 60,000. Kodi inapigwa kwenye 540,000 zilizobaki, siyo kwenye laki sita. Katika hizo, 270,000 za mwanzo haziguswi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, sawa na 20,000. Zile 20,000 za juu ni asilimia 20, sawa na 4,000. Jumla 24,000. Kwa hiyo anayekutisha kwamba ukiongezwa mshahara kodi itameza nyongeza yote, hajapiga hesabu.

Twende Newala, kiwanda cha korosho. Meneja kapewa gari, injini ya cc 1,500, halijafika miaka mitano, na mwajiri anazitoa gharama zake kwenye mapato yake anapokokotoa kodi. TRA inalihesabu kama kipato cha 500,000 kwa mwaka. Hakatwi laki tano, jamani! Zinajumlishwa kwenye mshahara wa mwaka, ndipo kodi inakokotolewa.

Na wali maharage wa mchana, wakipikiwa wafanyakazi wote bila ubaguzi? Kuleni kwa amani, haumo kwenye hesabu.