Wagonjwa wa Akili na Fedha za Halmashauri

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu, ukumbi wa chakula wa shule)

 

Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alinipa uhuru wa kuchagua habari yoyote, mradi isizidi nusu saa na isiwe siasa. Kuhusu nusu saa nitajitahidi. Kuhusu siasa mtaamua wenyewe, maana nimechagua habari ya fedha za halmashauri, na sijapata kuona mahali zilipozungumzwa fedha hizo bila siasa kuchungulia dirishani.

Nataka kusema juu ya wagonjwa wa akili na wa kifafa katika wilaya zetu hizi za Kasulu na Kibondo, pamoja na Buhigwe na Kakonko zilizomegwa kutoka kwao mwaka 2012. Nani anawagharamia, na nani anamwuliza huyo anayewagharamia.

Wa rika langu watamkumbuka mwenzetu mmoja wa bweni letu. Jina silitaji, ingawa mwenyewe ameniruhusu kusimulia habari zake. Aliniambia, "Jina liache, wanaonijua watanijua." Alikuwa na kifafa. Akianguka usiku, sisi tulikimbia. Walimu wetu wamo humu na leo hawawezi kutuchapa, basi tuseme kweli: tulikimbia wote, tukasimama nje katika baridi ya Julai tukiwa na shuka mabegani, kwa sababu nyumbani tulifundishwa kwamba ukigusa povu lake nawe utaupata. Kifafa hakiambukizwi na povu. Aliyelijua hilo alikuwa mpishi wetu, mzee ambaye hakupata kusoma biolojia hata siku moja. Yeye ndiye aliyekuja kumlaza ubavu na kumwondoa karibu na chuma cha kitanda, kisha akatuita tuingie tulale.

Mwenzetu huyo alimaliza kidato cha nne. Alimaliza kwa sababu kila jioni alimeza kidonge cha fenobabitoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo kuliko nyingi za aina yake. Nawaomba mkikumbuke kidonge hicho, maana nitarudi kwake.

Sasa turudi nyuma kidogo. Wakati wa ukoloni wa Mwingereza, zahanati nyingi za vijijini ziliendeshwa na Serikali za Wenyeji, kwa fedha za hazina zao wenyewe. Hapa kwetu ilikuwa kwa Mwami na watwale wake. Lakini mtu aliyerukwa na akili hakuwa katika hesabu ya hazina hiyo. Akiwa mpole, alibaki kwa ndugu zake na kwa mganga wa jadi. Akiwa mkorofi, alikuwa mzigo wa polisi: anafungwa kamba, anapandishwa lori hadi Kigoma, kisha treni ya reli ya kati kupitia Tabora hadi Dodoma, hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa mwaka 1927. Wazee wetu waliokwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga walikuwa na bahati moja, kama ni bahati: wakiugua huko, karibu yao kulikuwa na Lutindi, katika milima ya Usambara, ambako wamisionari walilea wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Lakini awe amepelekwa Mirembe au Lutindi, kwao alikuwa ametoka, na wengi hawakurudi.

Baada ya Uhuru taifa letu lilijaribu njia nyingine. Mwaka 1969 kilianzishwa kijiji cha wagonjwa wa akili Hombolo, nje ya Dodoma, ambako mgonjwa alilima na kuishi kama mtu. Italia, nchi tajiri, ilipitisha sheria ya kufunga hospitali zake kubwa za wagonjwa wa akili mwaka 1978, miaka tisa baadaye. Nalitaja hilo kwa sababu tumezoea kusikia kwamba mawazo mema hutoka kwingine. Halafu katika miaka ya 1980 ukaja mpango wa taifa wa afya ya akili, ulioanza kwa majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark. Nia yake ilikuwa rahisi: mgonjwa atibiwe katika zahanati iliyo karibu na kwao, na mhudumu wa zahanati afundishwe kazi hiyo. Nia hiyo ndiyo inayofuatwa mpaka leo, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ikaja kuondoa ile iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni.

Kwa hiyo mgonjwa alirudi kijijini. Fedha zake, nionavyo mimi, hazikurudi naye. Angalieni mambo yalivyokwenda. Mwaka 1972, kwa Madaraka Mikoani, halmashauri zilifutwa, na kwa miaka kumi na zaidi hapakuwa na baraza la madiwani la kuulizwa neno lolote. Zilirudi mwaka 1984 kwa sheria za mwaka 1982, zikakuta mambo mengi yanazingoja: madarasa, barabara, visima, chanjo. Mgonjwa wa akili alikuwa bado, katika vichwa vyetu watunza hesabu, mtu wa Serikali Kuu. Mtu wa Mirembe. Tunasema hata kwa mzaha, "Huyu apelekwe Mirembe." Hatusemi, "Huyu aandikiwe kifungu."

Sasa nije kwangu mwenyewe, maana si haki nizungumze kama mtu aliyekuwa akitazama kwa mbali.

Mimi ni afisa mipango. Niliwahi kufanya kazi katika halmashauri moja ambayo sitaitaja. Wenzangu wa wakati huo hawapo hapa kujitetea. Mwaka mmoja ukomo wa bajeti ulishuka tukiwa tumekwisha kuandika mpango wa afya. Usiku ule tulikuwa watu wanne ofisini, na asubuhi mpango ulitakiwa mkoani. Katika mpango huo afya ya akili haikuwa na fungu lake; huwekwa ndani ya magonjwa yasiyoambukiza, pamoja na kisukari na shinikizo la damu na saratani. Ndani ya fungu hilo palikuwa na mstari mmoja: safari kumi na mbili za mratibu wa afya ya akili kwenda kwenye zahanati, yaani mafuta ya pikipiki na posho ya siku. Haukufika bei ya matairi manne ya gari la ofisi. Nikaupiga kalamu. Hakuna aliyeniagiza. Niliupiga kwa sababu nilijua kuwa hakuna atakayeuliza, na kweli hakuna aliyeuliza. Kamati ya madiwani ilikaa saa mbili na nusu juu ya makaravati, ikapitisha mpango wa afya kwa dakika chache, tukaenda kula.

Miezi kadhaa baadaye nilimkuta mwenzetu yule wa bweni kwenye gulio. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungua mpaka vidole vimeshikana, na shavu pia. Alikuwa ameangukia mafiga. Nikauliza imekuwaje, naye alikuwa hajaanguka kwa miaka. Akasema dawa imekwisha zahanati. Zamani yule nesi wa pikipiki alikuwa akipita na kuileta kutoka hospitali ya wilaya, akiwaangalia na wagonjwa wenyewe. Siku hizi hapiti. Ndugu zangu, dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, ugonjwa haurudi ulivyokuwa. Hurudi kwa hasira, kifafa juu ya kifafa. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Pikipiki ya yule nesi imeharibika?"

Nikamjibu, "Ndiyo, imeharibika."

Nilikaa na uongo huo kwa mwaka mzima. Nilipomwambia ukweli hakunifukuza. Alinyamaza, akatengeneza kuni motoni kwa mkono wake wa kulia, halafu akauliza, "Mlipokuwa mnakata, kwa upande wangu alikaa nani pale mezani?" Hapakuwa na mtu. Ndilo jambo nililokuja kusema leo, na mengine yote ni maelezo yake.

Wenye visima visivyotoa maji huja kwa diwani kwa kelele. Wenye watoto wasio na dawati huja. Mgonjwa wa akili haji mkutano wa kijiji, na akija hapewi nafasi ya kusema. Ndugu zake nao wana haya. Basi katika meza yenye kugawana kidogo kilichopo, asiye na msemaji ndiye anayepunguzwa, tena bila mtu yeyote kumchukia.

Kuna na jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze mwaka 1993, wenye magonjwa sugu, wakiwamo wa akili, wanatakiwa kutibiwa bila malipo. Ni haki na ni jambo jema. Lakini mtazame mganga mfawidhi wa zahanati mwenye fedha kidogo za kununulia dawa. Akinunua dawa ambayo mgonjwa atailipia, fedha inarudi na atanunua tena. Akinunua fenobabitoni, haitarudi hata senti. Hakuna haja ya kumwita mtu huyo mwovu. Msamaha ule tuliuandika, tukasahau kuandika nani atamrudishia mwenye zahanati.

Nao mfano wa kwamba kazi hii inawezekana tuliuona kwa macho yetu, hapa hapa. Wakimbizi wa Burundi waliingia mwaka 1993 na kuendelea, na wa Kongo mwaka 1996. Mtakumbuka majina ya kambi, Mtabila na Muyovosi na Nyarugusu upande wa Kasulu, Kanembwa na Mtendeli na Nduta upande wa Kibondo. Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliweka huko huduma ya afya ya akili yenye washauri na dawa. Wananchi wa vijiji vya jirani wakaanza kwenda kambini kutibiwa. Raia anakwenda kwa mkimbizi kuomba dawa ya wazimu! Wengine walisema ni kwa sababu wazungu wana fedha. Fedha walikuwa nazo, sikatai. Lakini mashirika yale hudaiwa taarifa na waliotoa fedha: wagonjwa wangapi wameandikishwa, wangapi wamerudi, dawa imetumika kiasi gani. Mimi katika halmashauri yangu sikudaiwa na mtu. Na kambi ni kitu cha kufungwa, kama Mtabila ilivyofungwa mwaka 2012, kijiji hakifungwi.

Mtaniuliza, basi tufanye nini. Humu ukumbini nawaona madiwani watatu, watendaji wa kata sijui wangapi, na wengi ni wajumbe wa kamati za zahanati za kwenu, hata kama mmesahau kwamba ni wajumbe. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hazipiti tena mikononi mwetu sisi wa makao makuu kama zamani. Kwa hiyo meza ile ya kukata na kugawa sasa iko kijijini kwenu, na ninyi ndio mnaokaa. Sikieni basi siri ya ofisi: mtumishi haogopi hotuba, anaogopa swali lenye tarakimu. Mkifika kwenye kikao, msiulize kama huduma ya afya ya akili ipo. Mtajibiwa ipo. Ombeni leja ya dawa, mfungue ukurasa wa fenobabitoni, mhesabu siku ambazo ilisomeka sifuri kwa mwaka. Ombeni kitabu cha MTUHA muone walioandikishwa kwa kifafa na kwa akili, kisha muulize wangapi wamerudi mwezi uliopita. Na diwani, akiletewa bajeti, aulize safari za mratibu zilipangwa ngapi na zikafanyika ngapi, na fedha zilizotoka ni kiasi gani, si zilizopitishwa. Kupitishwa ni karatasi tu. Mimi ninayeziandika nawaambia.

Kwangu swali kama hilo lilikuja mwaka uliofuata, kutoka kwa diwani mmoja mwalimu mstaafu, ambaye mwanawe alikuwa mgonjwa na kwa miaka alikuwa akimficha. Aliuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, na ukumbi ukawa kimya. Mstari ulirudi. Safari hazikurudi zote kumi na mbili, zilirudi saba. Vidole vya mwenzetu havikurudi, lakini kidonge anakipata, na mwaka jana alivuna maharage kuliko mimi.

Nimemwachia Katibu karatasi yenye maswali hayo, nakala zipo za kutosha. Mpishi wetu mzee alikwisha kufariki, Mungu amrehemu, ila mjukuu wake ndiye aliyetupikia leo, na naona anatuashiria kwamba chakula kinapoa. Ndugu Mwenyekiti, naomba nikae.