Chumvi, Injini na Daftari

(Mazungumzo na wanavikundi wenye mashine)

Mhandisi mmoja mstaafu alitusimulia kazi yake Uingereza. Tangu 1964 helikopta zilikuwa zikibeba abiria kutoka Penzance hadi visiwa vidogo vya Scilly, na yeye alikuwa fundi wake. Tukamwuliza, adui yako ni upepo? Akacheka. Ni chumvi! Injini huvuta hewa ya bahari, chumvi inaganda ndani na kula chuma. Basi kila jioni waliiosha kwa maji yasiyo na chumvi, hata siku iliporuka vizuri kabisa. Kisha anaandika daftarini na kutia sahihi.

Julai 1983 helikopta moja ilianguka baharini penye ukungu. Walikuwa watu 26, 20 wakafa. Usiku ule mzee alipekua daftari akitafuta sahihi yake, mikono ikitetemeka. Uchunguzi haukukuta ubovu wa mashine: marubani hawakutambua kwamba wanashuka. Baadaye ilipendekezwa kiwekwe chombo cha kuwaonya kwa sauti.

Hata hivyo, alituambia, ule usiku hausahau.

Haya, kabla ya chai: daftari la pampu yenu liko kwa nani?