Tusimame na gavana kwa njia ya katiba



Munajua tayari: ku Kalemie kuna wabunge wanaotaka kumwangusha gavana wetu. Wengine wanasema, "Hayo ni mambo ya wakubwa." Hapana, ni yetu pia. Mosio ya sansire ikipita, haondoki mtu mmoja: serikali yote ya jimbo inaanguka. Mu 2021 tuliona vile Zoé Kabila aliangushwa hapa Tanganyika. Sasa, makaratasi ya mashamba yale tuliyokuta yamekaliwa na wengine wakati tulirudi kutoka Kala na Mwange, nani atayashika? Tutaanza tena sufuri mbele ya minista mupya.

Katiba inasema robo ya wabunge wasaini mosio, masaa 48 yapite mbele ya kura, na zaidi ya nusu ya wabunge wote wakubali. Muda ni mufupi, lakini uko.

Artikle 27 inatupatia haki ya petisyo. Tuwaandikie wabunge wetu wa Moba: wamuulize gavana maswali makali, lakini wamuache amalize kazi ya mashamba. Kila mtu asaini kwa jina lake. Asiyejua kuandika, atie kidole. Hakuna kutupa mawe, hakuna kutukana kabila ya mtu.

Gavana akikosea, tutamuambia sisi wenyewe. Lakini asiondolewe bila sauti yetu kusikilika.