Gari la Kukodi na Safari ya Ng'ambo ya Mpaka

Hotuba ya afisa wa uhusiano wa polisi na jamii kwa wakazi wa Arua Hill



Nimekuja kuzungumza juu ya jambo linalotufika ghafla. Simu inalia usiku: shangazi amefariki Aru, au mjomba amefariki Yei. Sisi watu wa West Nile mpaka ulitukuta hapa. Walugbara wako Arua na wako Aru. Wakakwa wako Koboko, wako Yei, na wako Kongo. Msiba ukitokea ng'ambo hatuwezi kukaa. Tunachanga fedha, tunatafuta gari la kukodi, na alfajiri tunaondoka. Ni katika haraka hiyo watu wema hujitia mashakani.

Wengi wetu tunapokodi gari huuliza mambo mawili: bei yake, na idadi ya watu litakaowachukua. Nawaomba mtangulize swali jingine: je, mwenye gari ameridhia livuke mpaka? Anayekodisha gari kwa safari ya Nebbi au Kampala hajakubali kwa hilo lifike Ariwara. Mkilivusha bila ridhaa yake, naye akaja kwetu kuripoti kwamba gari lake halijarejea, ninyi mliokwenda kuzika mtatafutwa kama wezi. Mkikamatwa ng'ambo, mtakuwa chini ya sheria za huko, nasi polisi wa Uganda hatuna mamlaka ya kwenda kuwatoa.

Basi ridhaa hiyo iwe ya maandishi. Barua itaje namba ya gari, jina la dereva, nchi mnayokwenda na siku ya kurudi. Mwenye gari aitie sahihi, na ni vema wakili aithibitishe. Ombeni pia nakala ya kadi ya umiliki, mtazame kama jina lililo kwenye kadi ndilo lililo kwenye barua. Majina yakitofautiana, liacheni gari hilo, hata likiwa zuri namna gani.

Mtakapofika Vurra au Oraba, piteni kwa maafisa wa uhamiaji na wa forodha, gari liandikishwe kwamba linatoka kwa muda. Asiwepo wa kusema, "Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022, basi karatasi za nini?" Uanachama haukuifuta forodha. Njia za panya tunazijua sote, lakini gari lililopita huko halina karatasi ya kulitetea.

Swali linalofuata ni la bima. Msidhani kwamba bima ya lazima ya hapa nyumbani inawafuata popote. Kwa safari ya Kongo ipo Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hushughulikia madai ya watu watakaodhurika kwa ajali mliyoisababisha. Kwa kawaida kadi hiyo hailipi hasara ya gari lenyewe. Kwa hiyo kubalianeni na mwenye gari mapema ni nani atakayeibeba. Kwa Sudan Kusini, ulizeni kampuni ya bima kabla ya kuondoka, na jibu liwe la maandishi.

Sasa lichagueni gari lenyewe. Lami yetu ya Vurra hadi Oraba, yapata kilometa 92, isiwadanganye. Ng'ambo barabara za udongo ni nyingi. Wakati wa mvua, gari la juu la bei kubwa ni nafuu kuliko gari la chini litakalokwama na maiti inasubiri. Hakikisheni gurudumu la akiba lina upepo, na jeki na spana zimo.

Tena, sisi huendesha kushoto. Kongo na Sudan Kusini huendesha kulia. Usukani wetu ukiwa kulia, dereva huko atakaa upande wa ukingo, asione mbele atakapotaka kulipita lori. Aliyeketi kushoto kwake na awe macho yake. Taa zetu nazo zimeundwa kumulika zaidi upande wa kushoto, na huko kushoto ndiko anakotokea mwenzenu; safirini mchana. Jihadharini hasa asubuhi ya pili, dereva anapotoka uani na barabara ni tupu: hapo ndipo mkono hurudia mazoea yake.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Gari la kukodi pia halimsitiri aliyelichukua bila karatasi. Saa mbili mtakazozitumia kuandika barua hazitamchelewesha marehemu. Zitawarudisha ninyi nyumbani.