Kuujua Mji Tunaoufanyia Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Dar es Salaam)



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya matembezi ya chama yaliyofanywa Jumamosi iliyopita, nasi twashukuru. Wako waliotuuliza, "Makarani wana haja gani ya kuzunguka juani wakitazama kuta kuukuu?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndiyo hotuba yetu.

Kwanza twakiri aibu yetu wenyewe. Wengi wetu tumepita mbele ya Boma la Kale, kule karibu na bandari, kila asubuhi kwa miaka mingi, majalada kwapani, wala hatukupata kuuliza ni nani aliyelijenga. Siku ile tulisimama chini ya kuta zake za mawe ya matumbawe, tukaambiwa kwamba lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa amri ya Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, liwe nyumba ya wageni wake. Kabla ya hapo palikuwa na kijiji cha wavuvi, jina lake Mzizima. Seyyid Majid alifariki mwaka 1870, na mji ukadorora, hata Wadachi walipoufanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891.

Kutoka hapo tulifika kwenye Sanamu ya Askari, iliyofunuliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Tulisoma maandishi yake, ambayo ni kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Mzee mmoja mwenyeji wa Gerezani, tuliyemwomba atuongoze, akatungoja tumalize kusoma, kisha akauliza, "Askari mmemwona, wanangu. Mpagazi yuko wapi?"

Tukatazama tena. Mpagazi yumo katika maandishi, lakini hapo juu amesimama askari peke yake na bunduki yake. Huko Nairobi mpagazi amesimamishwa pamoja na wenzake. Hapa kwetu sivyo. Mzee akasema, "Basi twendeni, niwaonyeshe alipo." Akatupeleka Kariakoo.

Mabwana, jina hilo twalitaja kila siku tuendapo kununua mchele na vitambaa. Asili yake ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, lililogeuka midomoni mwa watu. Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916, wapagazi wa jeshi waliwekwa mahali pale. Watu hao walichukua vyakula na risasi vichwani, porini na matopeni, na wengi wao hawakuuawa na adui bali na maradhi na njaa. Soko lililojengwa hapo katika miaka ya 1970 kwa ramani ya Bwana Beda Amuli, lenye paa kama miavuli iliyopinduliwa ili kukinga maji ya mvua, liliungua mwezi wa Julai mwaka 2021. Moto ulikula bidhaa nyingi, lakini jina haukuliweza. Jina ndilo sanamu ya mpagazi.

Alasiri tulikwenda Makumbusho ya Taifa, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1940. Humo twaelezwa habari za fuvu lililovumbuliwa na Bibi Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, ambalo umri wake wakadiriwa kuwa miaka 1,750,000 hivi. Barabara ipitayo mbele ya Makumbusho yaitwa Shaaban Robert. Vijana wetu walishangaa kusikia kwamba mshairi huyo alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hata 1944. Basi asiseme mtu kwamba kazi ya mezani yamzuia kuijua nchi yake!

Sasa twaja kwenye neno lenyewe. Iliamuliwa mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na tangu mwaka 2016 ofisi nyingi zimekwisha kuhama. Hatunung'uniki, mtumishi huenda anakotumwa. Lakini nyumba tunazoziacha zabaki mikononi mwa watu wasiozijua, na nyumba isiyojulikana ni nyepesi kuvunjwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, lakini sheria haina macho. Macho ni yetu.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali mambo matatu. La kwanza, matembezi haya yafanywe kila miezi mitatu, na kila mwanachama aje na mtoto mmoja. La pili, maneno ya wazee waongozao yaandikwe siku ile ile na kuhifadhiwa katika majalada ya chama, kwa maana kazi hiyo ya kuandika na kuhifadhi twaiweza kuliko watu wengine. La tatu, wenzetu walioko Dodoma waanze matembezi yao huko, wasiungoje mji ule uwe wa kale ndipo wauulize habari zake.

Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mzee wa Gerezani alituuliza swali moja tu, nasi tulitembea mchana kutwa tukilijibu. Twaomba tuwahi kumwuliza na sisi yetu, angali yupo.