Nguo Itokayo Katika Bua

Walio katika vikundi vya kusikiliza wasogee karibu na redio, na mwenye daftari alifungue, maana mwisho wa somo nitatoa kazi ya kufanya nyumbani.

Leo tutazungumza juu ya nguo za hempu. Nitasema wazi tangu mwanzo, asiwepo wa kushtuka katikati ya somo: hempu ni bangi. Ni mmea wa jamii ile ile, ila mbegu zake zimechaguliwa kwa muda mrefu ili zitoe mabua marefu yenye nyuzi, wala si majani ya kulevya. Kile kitu kilevyacho katika bangi, kiitwacho kwa kifupi THC, ndani ya hempu ni kidogo mno. Marekani na nchi nyingi za Ulaya sheria inataka kisizidi sehemu 3 katika kila sehemu 1,000 za mmea mkavu.

Tena msichanganye hempu na mkonge. Neno letu katani limetumika kwa nyuzi za namna nyingi, na siku hizi wengi wakilisikia hufikiri mkonge tu, ule ulioletwa pwani ya Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Nyuzi za mkonge hutoka katika jani, nazo ni ngumu. Zafaa sana kwa kamba na magunia, lakini ukivaa shati la mkonge utajikuna mpaka jioni. Nyuzi za hempu hutoka katika ganda la bua, ni nyembamba zaidi, na watu wa China na Ulaya wamezifuma nguo tangu zamani sana.

Sasa, kwa nini watu wa leo waisifu nguo hii? Jambo la kwanza ni shamba. Hempu ya nyuzi hupandwa kwa kubanana, ikarefuka haraka kupita kimo cha mtu, na kivuli chake huyanyima magugu mwanga. Kwa kawaida huvunwa baada ya miezi mitatu au minne, na mara nyingi bila kunyunyiziwa dawa ya wadudu. Mkulima wa pamba wa Simiyu au Shinyanga anielewa vizuri hapa, kwani yeye ajua gharama ya dawa ya funza wa vitumba, na ajua pia jinsi dawa ile inavyowasha macho.

Jambo la pili ni maji, na hapa yafaa twende polepole, kwa sababu husemwa mengi kupita kiasi. Ni kweli pamba imeleta hasara kubwa mahali pengine. Bahari ya Aral, ambayo hasa ni ziwa huko Asia ya Kati, ilikuwa moja ya maziwa makubwa kabisa duniani. Tangu miaka ya 1960 maji ya mito yake miwili, Amu Darya na Syr Darya, yaligeuzwa kwa wingi kumwagilia mashamba, hasa ya pamba, na sehemu kubwa ya ziwa ikakauka hata meli zikabaki mchangani. Lakini pamba ya Kanda ya Ziwa kwetu kwa sehemu kubwa hungoja mvua ya Mungu, haikaushi mto. Basi akija mtu kukuambia kila shati la pamba limemaliza ziwa, mwulize pamba hiyo ililimwa wapi. Na hempu nayo si mmea wa jangwani. Yataka udongo mzuri wenye rutuba, tena yataka mvua ya kutosha, hasa inapoanza kukua.

Kazi kubwa ya hempu huanza baada ya kuvuna. Nyuzi zimegandamana na mti wa bua kwa utomvu kama gundi, na gundi hiyo lazima iozeshwe. Akina mama wa Zanzibar wanaosokota kamba za usumba hawahitaji kuelezwa. Wao hufukia makumbi ya nazi katika tope la pwani miezi mingi, kisha huyafukua na kuyaponda mpaka nyuzi zitoke. Mabua ya hempu hufanyiwa vivyo hivyo, ila kwa muda mfupi zaidi: ama hulowekwa majini kwa siku chache hadi wiki mbili hivi, ama hulazwa shambani wiki kadhaa yapate umande, yakigeuzwageuzwa. Yakitolewa mapema, nyuzi hazibanduki. Yakichelewa, nyuzi zenyewe huoza. Ni kazi ya jicho na pua.

Sasa angalieni. Maji yaliyolowekwa mabua hunuka vibaya na huua samaki. Huko Uingereza mwaka 1541, wakati wa mfalme Henry wa Nane, ilitungwa sheria ya kukataza watu kuloweka hempu katika mito na vijito mnamonyweshwa mifugo. Kwa hiyo usafi wa nguo hii wategemea aliyeitengeneza. Iliyolazwa kwenye umande haichafui mto. Iliyolowekwa, au iliyochemshwa kwa dawa kali kiwandani ili ilainike kama pamba, inaweza kuchafua kama maji yale hayakusafishwa. Muuzaji asiyetaja jambo hili amekueleza nusu tu ya habari.

Tuje kwenye mwili wa mvaaji. Nguo ya hempu hunywa jasho na kupitisha hewa, nayo yafaa kwa joto kama la Mombasa au Dar es Salaam. Ikiwa mpya ni ngumu kidogo, kisha kila ikifuliwa huzidi kulainika. Hujikunja ovyo, na wasiopenda pasi wataichukia. Lakini nyuzi zake zina nguvu sana. Zamani matanga na kamba za majahazi ya Ulaya vilitengenezwa kwa hempu. Mimi naona kudumu huku ndiko faida iliyo kubwa kuliko zote, kwa sababu suruali ikivaliwa miaka sita mahali pa miwili, suruali mbili zaidi hazikulimwa, hazikutiwa rangi, wala hazikutupwa. Na siku ikichakaa, ikiwa haikuchanganywa na plastiki, itaoza udongoni. Nguo ya poliesta hutokana na mafuta ya petroli, haiozi hivyo, na kila ikifuliwa hutoa vinyuzi vidogo sana ambavyo huishia mitoni na baharini.

Najua mtu ameshaanza kuuliza bei ya mbegu. Asithubutu! Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 juu ya dawa za kulevya haukugusa hempu ilimwayo kwa nyuzi na mbegu tu, na Malawi ilitunga sheria mwaka 2020 ya kuwapa wakulima leseni. Lakini ruhusa ya Malawi haimkingi mkulima wa Tanzania wala wa Kenya. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015 na Kenya ina yake ya mwaka 1994, na mwenye kupanda bangi atashtakiwa. Kwa jicho tu askari hawezi kujua bua la nyuzi na bua la kulevya. Hata bwana shamba hawezi, mpaka mmea upimwe maabara.

Kazi ya nyumbani ni hii. Unaponunua mtumba, soma kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya kola au ubavuni: Waingereza huandika hemp, Wafaransa chanvre, Wajerumani Hanf. Kama hakipo, chomoa uzi mmoja tu kwenye pindo, ushike kwa koleo juu ya sahani yenye maji, watoto wakiwa mbali, uuwashe. Ukiungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ni uzi wa mmea, ingawa hautakuambia kama ni pamba au hempu. Ukiyeyuka na kuacha punje ngumu, ni plastiki. Jaribuni nguo tano, mwandike majibu katika daftari, na juma lijalo tutaanza nayo kabla ya kuingia somo la sufu. Kwaherini.