Motokaa Iliyonijia Mbele

Nimeombwa niseme machache juu ya usalama barabarani, nami badala ya kuwahubirieni nitawaeleza kisa kilichonipata mwenyewe njiani kwenda kazini. Mkitaka kunicheka, ruhusa mnayo.

Mimi hukaa Busia, na kazi yangu iko Malaba, mwendo wa kama kilomita 30. Busia, kama mjuavyo, ndiko lilikozaliwa jina la bodaboda. Katika miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli waliwachukua wasafiri kutoka kituo cha Kenya hata kituo cha Uganda, na kwa kuwa mpaka kwa Kiingereza huitwa boda, jina likawaganda. Siku hizi wengi wao hupanda pikipiki, wala hakuna mzigo wanaoukataa.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimechelewa. Kulikuwa na ukungu, taa zangu zinawaka, nami nakwenda mbio. Mara nikaona motokaa inanijia upande wangu wa barabara, taa zake zikinimulika usoni! Nikazima taa na kuwasha ili nimwonye. Naye akazima na kuwasha papo hapo. Nikapiga honi, hakujali. Nikasema kwa hasira, "Huyu ni mlevi, au hajui sheria!" Nikapinda kushoto, naye akapinda upande ule ule. Basi nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, nikaingia majanini, na motokaa ikasimama hatua mbili tu kutoka kwa watoto waliokuwa wakienda shule.

Pale mbele adui yangu akakata kona kuingia katika kijia, nami nikamwona sawasawa. Alikuwa mtu wa bodaboda, amefunga nyuma ya pikipiki yake kabati lenye kioo kirefu, na kioo kilikuwa kimenielekea mimi.

Mtoto mmoja akasema, "Mzee, umejipisha mwenyewe!" Wenzake wakaangua kicheko.

Nami nikacheka, lakini mikono ilikuwa ikinitetemeka. Yule niliyemwita mlevi, aliyekwenda mbio katika ukungu, alikuwa mimi. Nyani haoni kundule.

Basi, wewe ndugu wa bodaboda, ukichukua kioo kifunike kwa blanketi. Nawe mwenye motokaa, toka nyumbani mapema, na penye ukungu punguza mwendo. Pale Busia kuna kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande ule anaoingia. Maofisa hutazama hati na mizigo. Lakini haraka aliyo nayo mtu moyoni hawawezi kuiona. Hiyo yafaa kila mmoja wetu aikague mwenyewe kabla hajawasha motokaa yake.